Mtama aliouacha kweleakwelea

Ikifika Januari simu yangu hubadilika tabia. Wanaopiga hawaulizi tena chanjo ya ugonjwa wa Gumboro wala joto la vifaranga. Wote wana swali moja: "Kaka, mahindi yamepanda. Nikitia mtama, kuku watakufa?" Huwajibu kwamba hawatakufa, kisha nikikata simu najilaumu, maana jibu hilo ni la kweli na halitoshi. Mimi nilipewa jibu hilo hilo zamani, nikalishika, likanila mtaji.

Nafuga Dodoma, na niseme msimamo wangu mapema ili msomaji asiutafute mbele. Mtama unafaa kwa kuku wa nyama, tena kuliko wengi wanavyodhani. Lakini kwa jinsi tunavyouza na kununua nafaka leo, anayeukimbilia kwa sababu tu mahindi yamepanda yuko njiani kupata hasara. Kosa haliko tumboni mwa kuku. Liko kwenye gunia, na kabla ya gunia liko shambani, juu ya dungu, anakokaa mtoto na kombeo akifukuza ndege. Nitafika huko.

Tuanze na tumbo. Kifaranga wa siku moja ana gramu 40 na kitu. Baada ya majuma matano unamtaka awe na kilo 2 au karibu yake. Ili afike hapo atakula kilo tatu na nusu hivi, na chakula hicho kitakula theluthi mbili ya fedha zote utakazotoa, pengine zaidi. Ndani ya chakula hicho nafaka huwa karibu asilimia 60. Anayetafuta pa kupunguza gharama lazima jicho lake litue kwenye nafaka, na hana makosa.

Lakini kuku hana mkataba na mahindi. Anachotaka ni nishati, protini yenye mchanganyiko wa kueleweka, madini na vitamini. Vinatoka wapi, hajali. Mahindi yana kama kilokalori 3,350 kwa kilo, na protini asilimia 8 hadi 9. Mtama usio na tanini una kama 3,250, na protini kati ya asilimia 9 na 11. Uwele unakaribiana na mahindi kwa nishati, protini yake hufika asilimia 11 hadi 13, na una mafuta kuliko vyote viwili. Ulaya kuku wa nyama anakuzwa kwa ngano. Australia ni ngano na mtama, kutegemea kumevunwa nini karibu na kiwanda. Marekani na Brazil ndiko mahindi yanakotawala kweli, na sisi vitabu vyetu vya ufugaji tuliviazima zaidi huko. Kwa hiyo mahindi kwetu ni mazoea ya soko. Hakuna amri ya maumbile hapo.

Kuna hoja moja ya kupinga mtama ambayo huwa inanichekesha: kwamba kuku atapauka, hatakuwa na ule unjano wa ngozi na mafuta. Hoja hiyo ni ya Wamarekani, ambao mahindi yao ni ya njano na ndiyo yanayompaka kuku rangi. Mahindi yetu ni meupe kama chaki. Ukitoa mahindi meupe ukaweka mtama mweupe, umepoteza unjano gani? Ule uliokuwapo ulitoka kwenye majani aliyodonoa au kwenye premiksi, ule mchanganyiko wa vitamini na madini, uliyonunua.

Sasa yangu. Mwaka mmoja bei ya mahindi ilinichosha, nikaenda soko la nafaka la Kibaigwa, nikarudi na magunia 12 ya mtama wa rangi ya kahawia iliyokolea. Mzee aliyeniuzia aliniambia mtama ni mtama. Sikumbishia, kwani nami nilikuwa naamini hivyo. Nilikuwa na vifaranga 600. Juma la kwanza sikuona kitu. La pili kundi likagawanyika: wengine wanakua, wengine unawatazama unadhani wameanguliwa jana. Maranda waliyotandikiwa yakawa mabichi kila asubuhi. La nne wachache wakaanza kupinda miguu. Siku ya 35, kuku waliotakiwa kukaribia kilo 2 walikuwa na kilo moja na robo, waliojitahidi sana moja na nusu, na mwenye hoteli aliyeniahidi kuwachukua akapima wanne, akarudisha mizani kwenye gari. Hakufa hata mmoja kwa ajili ya mtama. Jibu la simu lilikuwa sahihi kabisa.

Kilichowapata kinaitwa tanini. Jina ni la kitaalamu, ila kitu chenyewe unakijua tangu utoto: ni ule ukakasi wa bibo, wa ndizi mbichi, wa zambarau zinazokukausha ulimi hadi unashindwa kupiga mluzi. Unachosikia mdomoni ni tanini ikishikana na protini ya mate yako. Ndani ya kuku inafanya kazi ile ile: inashika protini ya chakula, na vimeng'enya vya mwili vilivyotumwa kuisaga nayo inavishika. Protini uliyoilipia kwa soya na dagaa inapita tumboni na kutoka nyuma, inaishia kwenye maranda. Kuku anakula sana, anapata kidogo. Nguvu ya nafaka yenyewe hushuka pia. Mtama wenye tanini nyingi unaweza kukupa kilokalori 2,800 hivi badala ya 3,250.

Sasa jiulize kwa nini mtama wa namna hiyo upo, tena mwingi. Upo kwa sababu ya ndege.

Kweleakwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Ni kidogo, mpaka ukumbuke kwamba haji mmoja. Kundi la ndege milioni moja, ambalo si kundi kubwa kwao, linamaliza tani 10 kwa siku. Wakulima wa Dodoma, Singida na Shinyanga hawahitaji kuambiwa haya na mwandishi wa makala. Wanajua shamba linavyoweza kuwepo asubuhi na jioni likabaki mabua yamesimama kama fagio. Ndege huyu hupenda punje ikiwa bado laini, ina maziwa, na hapo ndipo tanini inapomsaidia mkulima: punje yenye ukakasi humchukiza ndege, akahamia shamba la jirani aliyepanda mtama mtamu. Watafiti waliliona hilo zamani. Kituo cha Serere, Uganda, ndicho kilichotoa Serena, mtama wa kahawia ulioenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960, na moja ya sifa zake ilikuwa hiyo hiyo ya kutopendwa na ndege.

Yaani kitu kile kile kinachoiokoa nafaka shambani ndicho kinachoiharibu bandani. Ndege mmoja ameukataa mtama kwa hiari yake, ukasalimika, ukavunwa, ukatiwa kwenye gunia, ukapelekwa kwa ndege mwingine aliyefungiwa asiyeweza kuukataa. Mkulima alifanya la akili. Mfugaji naye alidhani anafanya la akili. Katikati yao kulikuwa na soko ambalo halikusema neno.

Na soko haliwezi kusema kwa sababu linatazama rangi, na rangi inadanganya. Hili nililijua baadaye sana. Mtama mwekundu si lazima uwe na tanini. Ipo mitama myekundu isiyo nayo hata chembe. Tanini inakaa kwenye utando mwembamba ulio chini ya ganda la nje, na utando huo ama upo ama haupo, rangi ya nje iwe ilivyo. Njia ya bure ya kuujua ni wembe. Chukua punje, kwangua ganda la juu taratibu. Ukikuta chini yake safu ya kahawia iliyoizunguka punje yote, huo ni mtama wa ukakasi. Ukikuta weupe wa unga moja kwa moja, ni salama. Kwangua punje 20 kutoka sehemu mbalimbali za gunia, kwa sababu magunia yetu yamechanganywa na mikono mingi kabla hayajafika kwako.

Maabara hutumia njia nyingine, ya kuloweka punje kwa dakika 20 kwenye jiki iliyotiwa magadi makali ya kutengenezea sabuni. Zenye tanini hugeuka nyeusi zote, zisizo nayo hupauka na kubaki na doa dogo kwenye kiini. Inafanya kazi vizuri, lakini mchanganyiko huo unachoma ngozi na macho, na punje ukimaliza ni za kutupa. Kwangu wembe umetosha.

Nimeulizwa kama tanini haiwezi kuondolewa. Inaweza. Watu wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wana ujuzi wa zamani wa kuloweka mtama wa ukakasi kwenye maji ya majivu kabla ya kuuotesha kimea cha pombe. Ukikoboa pia unaondoa utando ule, pamoja na sehemu ya nafaka uliyoilipia. Kwa debe la pombe ya arusi sawa. Kwa tani mbili za chakula cha kuku, tafuta kwanza uwanja wa kuanikia na watu wa kugeuza, halafu uje tuzungumze faida. Na wale wanaopika mtama kwa kuku wakidhani wanaulainisha, waache: protini ya mtama ikichemshwa kwa maji hukaza, inakuwa ngumu zaidi kusagika tumboni.

Tufanye hesabu, kwa sababu biashara hii haiendeshwi kwa hisia. Bei nitakazotumia ni za mfano. Kila mtu aweke za soko lake. Tuseme mahindi ni shilingi 800 kwa kilo, mtama mweupe 700, mtama wa ukakasi 650. Usilinganishe kilo kwa kilo. Linganisha kilokalori 1,000 unazinunua kwa shilingi ngapi. Mahindi yanakupa kwa 239. Mtama mweupe kwa 215. Ule wa ukakasi, uliouona rahisi kuliko vyote, kwa 232, na hapo sijahesabu protini iliyoibwa.

Hiyo protini iliyoibwa ndiyo yenye shoka. Chukua kuku 1,000. Watakula kama tani tatu na nusu, nafaka ndani yake kama tani 2. Ukiokoa shilingi 100 kwa kila kilo ya nafaka, umeokoa 200,000. Ni fedha. Sasa tuseme kuku hao, kwa sababu ya mtama mbaya, wamehitaji chakula zaidi kidogo ili wafike uzito ule ule: badala ya kilo 1.7 za chakula kwa kilo moja ya uzito, wametumia 1.8. Hutaiona tofauti hiyo kwa macho. Kwa kuku 1,000 wa kilo 2 ni kilo 200 za chakula, na chakula kilichochanganywa kikiwa shilingi 1,300 kwa kilo ni shilingi 260,000. Umeokoa laki mbili kwa mkono wa kulia, umelipa laki mbili na sitini kwa wa kushoto, na kila mtu kijijini anakusifu kwa ubunifu.

Na hata mtama mzuri una deni lake, ambalo hapa kanda ya kati tunalisahau zaidi kuliko kwingine. Laisini. Hiyo ni mojawapo ya asidi amino ambazo kuku hawezi kujitengenezea, na ndiyo hasa inayojenga nyama ya kidari. Mahindi yanayo kidogo, mtama kidogo zaidi. Si tatizo ukichanganya na soya, kwa sababu soya inayo nyingi. Lakini mfugaji wa Dodoma au Singida soya kwake ni ghali na inatoka mbali, wakati mashudu ya alizeti yamejaa mlangoni. Anachanganya mtama na alizeti, anaona amejikamilisha kwa mali ya nyumbani, kumbe ameoanisha maskini wawili wa laisini. Asilimia ya protini kwenye karatasi itakuwa nzuri. Kuku atapata mafuta tumboni na kidari chembamba. Dawa ni laisini ya kiwandani, inayouzwa kwa kilo kwenye maduka ya pembejeo za mifugo, na dagaa, ukipata wasio nusu mchanga. Ukishindwa vyote viwili baki na mahindi yako. Yatakusamehe makosa mengi ambayo mtama hauyasamehe.

Nimesema mabaya ya mtama kwa kirefu. Mahindi nayo yasijione malaika. Mwaka 2004, Kenya ilipoteza watu 125 kwa mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, wengi wao Makueni na Kitui. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu, Dodoma na Manyara, watu 20 wakafa. Machi 2021 Kenya ikasimamisha kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo ya sumu. Kiwango cha juu cha sumu hiyo Afrika Mashariki kwa mahindi ya binadamu ni sehemu 10 kwa bilioni. Na mahindi yanayokataliwa kwenye unga wa binadamu unadhani huenda wapi? Hayamwagwi mtoni. Huenda kwa kuku. Sumukuvu humpiga kuku ini, na kinga ya mwili nayo inadhoofika, hata unachanja Gumboro kwa wakati na bado inaingia bandani, ukamlaumu aliyekuuzia chanjo. Mtama haujakingwa na ukungu, ukihifadhiwa mbichi utaoza kama kitu kingine chochote, lakini kwa kawaida hushikwa na sumukuvu kidogo kuliko mahindi na karanga. Dumuzi pia, yule mdudu aliyeingia Tabora karibu miaka 45 iliyopita na wenyeji wakamwita Scania, hupenda mahindi na makopa. Kwenye punje ndogo hastawi. Ukiwa unahifadhi kwa miezi sita, hayo mawili yana thamani ambayo bei ya sokoni haiioneshi.

Hapa ndipo ninapoachana na wataalamu wanaomaliza semina kwa kusema "wafugaji watumie nafaka mbadala". Mbadala wa lini? Mahindi yakipanda Januari, watu hawaachi kula. Wanahamia mtama na uwele, na kule kwa Wagogo hawahami kabisa, kwa sababu ugali wa uwele na mlenda ndicho chakula chao tangu enzi. Bei ya mtama inapanda ikifuata ya mahindi. Mfugaji anayefika sokoni siku ile anakuta foleni ya mama zetu wenye vikapu, na kusema kweli sioni kwa nini yeye awe mbele yao. Mtama wa dharura hauna faida kwa mfugaji, na kwa mwenye njaa ni mashindano ya bure. Mtama wa kuku ni ule uliozungumzwa kabla haujapandwa.

Kuzungumzwa maana yake ni bei, na ndani ya bei kuna yule mtoto wa juu ya dungu. Mbegu nzuri tunazo. Tegemeo ilitoka Ilonga, Kilosa, tangu miaka ya 1970. Macia ipo, nyeupe, fupi, inawahi kukomaa. Hazina ukakasi, na kwa hiyo kweleakwelea anazipenda kama kuku anavyozipenda. Anayezipanda lazima aamie ndege tangu punje ziwe na maziwa mpaka avune, majuma matatu au manne, alfajiri hadi magharibi. Mkulima akiniuliza kwa nini aache mtama wake wa kahawia ambao unajilinda, nina jibu gani?

Nina shilingi 100. Kwa bei zile za mfano, mahindi yakiwa 800, mtama mweupe bado unanilipa hadi nikiununua kwa 750 hivi. Wa kahawia ni 650. Tofauti hiyo ndiyo ninayoweza kumpa mkulima aamie. Ekari moja ya mtama kwa wastani wa mavuno yetu haizidi sana kilo 400. Shilingi 100 mara 400 ni elfu 40. Hakuna mtu mzima atakayekaa juani mwezi mzima kwa elfu 40, na mtoto yuko shule, ndipo anapopaswa kuwa. Kwa ekari moja peke yake, hesabu inakataa.

Kwa ekari 10 zilizopakana, zilizopandwa mbegu moja kwa juma moja, inakubali. Ni laki nne kwa waamizi wawili au watatu, na mtama unaochanua pamoja unakomaa pamoja, kwa hiyo ndege hawana mwezi mzima wa kuhama kutoka shamba lililowahi kwenda lililochelewa. Kundi likiwa kubwa kupita kiasi hakuna kombeo litakalofaa. Hiyo ni kazi ya ndege ya serikali ya kunyunyizia dawa kwenye viota, nayo huja ikiitwa mapema. Nimeona wakulima wakipanga mambo magumu kuliko haya kwa ajili ya alizeti. Kilichokosekana kwa mtama ni mnunuzi anayetaka kitu maalumu na kuongeza bei kwa ajili yake. Madalali wetu wananunua lumbesa. Ndani kuna nini, hawaulizi.

Kenya walikuwa na mnunuzi wa namna hiyo, na alikuwa mtengeneza bia. Bia ya Senator Keg ilipoanza kutengenezwa kwa mtama, na serikali ikaipunguzia ushuru, wakulima wa maeneo makavu ya mashariki walipanda mbegu ya mtama ya Gadam kwa wingi kwa sababu walijua nani atanunua na kwa sifa gani. Mwaka 2013 ushuru ukarudishwa, asilimia 50. Mauzo ya bia yakaporomoka, kiwanda kikapunguza kununua, na mkulima akabaki na mtama wa bia usio na mnywaji. Nafuu ikarudishwa 2015. Wengine huisoma habari hiyo kama onyo la kutolima mtama kwa mkataba. Mimi naisoma kama habari ya mnunuzi mmoja. Laiti kungekuwa na viwanda vya chakula cha kuku vinavyotaka punje ile ile isiyo na ukakasi, mtama wa 2013 ungekuwa na mlango wa pili. Kuku hatozwi ushuru wa bia.

Nafaka nyingine nizipitie upesi. Ulezi ni wa uji na bei yake ni ya uji. Kumpa kuku ni anasa. Chenga za mchele ni chakula kizuri mno kwa kuku, hazina ukakasi wala sumu, ila anayekaanga vitumbua amekuwahi. Pumba za mpunga ziangalie kabla hujalipa: zile laini za mashine inayong'arisha mchele zina nguvu ingawa huchacha mapema kwa sababu ya mafuta, na zile za mashine ndogo za kijijini nyingi ni maganda yaliyosagwa, ambayo kuku hana cha kuyafanyia. Muhogo si nafaka lakini hauepukiki kwenye mazungumzo haya. Ukiwa umekaushwa vizuri sumu yake imekwisha, nao ukiuzwa 500 unaonekana nusu ya bure. Protini yake ni asilimia 2 au 3 tu. Kuifikisha ilipo ya mahindi unahitaji gramu 133 hivi za mashudu ya soya kwa kila kilo, na kwa soya ya shilingi 2,000 hiyo ni 266. Jumla 766, dhidi ya 800 ya mahindi. Kwa shilingi 34 unanunua pia vumbi linalomkera kuku puani.

Uwele ndio unaonisumbua usingizi. Kwa sifa za lishe unaupita mtama: laisini zaidi, mafuta zaidi, na ukakasi wa tanini hauna. Punje zake ni ndogo kiasi kwamba zinapenya kwenye chekeche la kinu bila kupasuka, jambo ambalo watu huliona kasoro, nami naona ni nafuu, kwa sababu kuku akishatimiza majuma matatu anaweza kuzimeza nzima. Firigisi yake inapata kazi iliyoumbiwa, na gharama ya kusaga inapungua. Nimetia asilimia 10 ya uwele mzima kwenye finisha, chakula cha majuma ya mwisho, na changarawe pembeni. Nilipopandisha zaidi kuku walianza kuchagua: wanadonoa punje, wanaacha unga, na mwenye nguvu anakula nafaka huku mnyonge akila premiksi. Zaidi ya hapo, kila nikinunua gunia la uwele Mpwapwa najua kuna sufuria linapungua mahali. Kwa mtama nina hoja ya kujitetea, kwamba nalipia ekari ambayo isingepandwa hivyo bila mimi. Kwa uwele bado sijapata hoja hiyo.

Kwa anayetaka kujaribu mwaka huu, mimi nafanya hivi: kwenye stata, chakula cha vifaranga, mtama mweupe unachukua nusu ya nafasi ya mahindi, kwenye groa, cha wanaokua, na finisha robo tatu, nikiongeza laisini na methionini, asidi amino nyingine, na vijiko vya mafuta ya alizeti kufidia kilokalori zilizopungua. Nabadilisha kidogo kidogo kwa siku nne au tano. Na kila Jumamosi napima kuku 20, wale wale wa kona ile ile, kwa mizani ya kuninginiza. Daftari la uzito limeniambia mambo mengi kuliko mtaalamu yeyote, ikiwemo juma moja lililoniambia kwamba gunia la tatu halikuwa sawa na mawili ya kwanza. Nilirudi stoo na wembe. Nusu yake ilikuwa ya kahawia, imewekwa katikati, juu na chini pametiwa nyeupe.

Mwaka huu sijanunua Kibaigwa. Jirani zangu watatu wafugaji nami tumekubaliana na familia saba za Kongwa, ekari 11, Macia tupu, shilingi 740 kwa kilo iliyopepetwa, na nusu ya fedha za waamizi tumetanguliza. Mvua ya Machi imewayumbisha, ekari mbili zimepandwa upya na zitachelewa, na kila mmoja wetu anajua maana ya mtama unaochelewa peke yake. Nilipowapigia juzi, mzee wa kundi aliniambia ndege wameanza kuonekana upande wa mto, wachache, wanapita juu tu.